Bomani Yupi? Kosa la Kuisoma Historia kwa Majina ya Koo

Makala haya yanaanza kwa kujikosoa. Kwa miaka kadhaa mwandishi amefundisha historia ya harakati za ukombozi kwa makada na wanafunzi katika Kanda ya Ziwa, na kwa miaka hiyo yote alikuwa akiandika ubaoni jina moja tu: Bomani. Bomani na ushirika wa pamba. Bomani na Wizara ya Fedha. Bomani na ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Bomani na madini. Siku moja, katika kusahihisha majaribio, aligundua kwamba zaidi ya nusu ya darasa iliamini kwamba kazi zote hizo zilifanywa na mtu mmoja. Mwanafunzi mmoja alikwenda mbali zaidi. Yeye hakujua hata kwamba Bomani ni jina la mtu. Aliandika kwamba harakati za wakulima wa pamba ziliongozwa "kutoka bomani", yaani kutoka ofisi ya mkuu wa wilaya.

Jibu hilo la mwisho lilichekesha darasa zima, lakini ndilo kosa zito kuliko mengine yote. Kazi iliyofanywa na wakulima liliikabidhi kwa boma. Wala kosa hilo halikuwa la mwanafunzi. Mwalimu anayefundisha majina bila kufundisha watu walifanya nini, pamoja na nani, na kwa kutumia chombo gani, hana haki ya kushangaa wanafunzi wake wanapojaza nafasi hiyo kwa kukisia.

Hapana budi basi tuulize: jina la ukoo lina kazi gani katika historia? Watu mashuhuri wawili au watatu wanapokuwa na jina moja, je, jina hilo linatueleza jambo lolote kuhusu matendo yao? Swali hili linaonekana dogo, lakini jibu lake linagusa namna tunavyofundisha historia na namna tunavyochagua viongozi.

UKUMBI WA WATEMI BUJORA

Anayetaka kuliona tatizo hili kwa macho aende Bujora, Kisesa, katika wilaya ya Magu, kilometa zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini. Hapo yapo Makumbusho ya Wasukuma, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, pamoja na wazee na mafundi Wasukuma. Ipo nyumba ya mhunzi, ipo nyumba ya mganga, yapo mambo ya ngoma na ya matambiko. Jengo linalovuta macho zaidi ni ukumbi wa watemi, uliojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Ndani yake ngoma za utemi, viti na vifaa vingine vya mamlaka vimepangwa kwa kufuata temi mbalimbali za Usukuma.

Kazi iliyofanyika Bujora ni kubwa, na wanafunzi wetu wana bahati kuwa nayo karibu. Tahakiki yetu inahusu namna tunavyousoma ukumbi huo. Mgeni wa kawaida huingia, hutazama ngoma na viti, husikia majina ya watemi, kisha hutoka akiamini kwamba ameisikia historia ya Usukuma. Kichwani mwake historia imekuwa mnyororo wa majina: baba, mwana, mjukuu.

Lakini vitu vilivyomo humo, vikiulizwa vizuri, vinaupinga mnyororo huo. Katika sehemu kubwa ya Usukuma wa zamani mtemi hakurithiwa na mwanawe. Urithi ulipita upande wa mama, na aliyeshika utemi mara nyingi alikuwa mtoto wa dada. Tena hakujipandisha mwenyewe. Walikuwapo wanang'oma, wazee wa ikulu, ambao ndio waliomteua na kumsimika. Utaratibu wa mtoto kumrithi baba ulienea wakati wa ukoloni, serikali ilipotaka mtawala anayejulikana, aliyesoma, na ambaye mrithi wake anaweza kutayarishwa shuleni mapema. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa watoto wa machifu.

Maana ya jambo hili ni kubwa. Nasaba ya baba na mwana, ambayo leo tunaiona kama sura ya asili kabisa ya utawala wa jadi, kwa sehemu kubwa ni sura ya miaka ya ukoloni. Anayezitazama ngoma za Bujora na kuona majina ya mababa tu anatazama kwa miwani aliyoachiwa na mkuu wa wilaya.

Lipo jambo la pili. Bujora inahifadhi pia historia ya vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu. Vyama hivyo vilianza katika karne ya 19, kimoja kwa Ngika, kingine kwa Gumha, na hadi leo wafuasi wao hushindana katika sikukuu ya Bulabo. Mtu anayeitwa Mgika hachukui jina hilo kwa sababu ya damu ya Ngika. Amejiunga, amepewa dawa za chama na siri zake, na siku ya mashindano anacheza upande wake.

Kwa hiyo ndani ya uwanja mmoja wa Bujora tuna aina mbili za jina. Lipo jina ambalo mtu huzaliwa nalo, na lipo jina ambalo mtu hujiunga nalo. Historia inayofaa kufundishwa kwa kada ni ile inayojua kutofautisha haya mawili.

JINA LA UKOO LENYEWE NI KITU CHA JUZI

Yafaa ieleweke pia kwamba jina la ukoo, kama tunavyolitumia leo katika fomu na vyeti, si kitu cha kale kwetu. Msukuma alipewa jina kwa mazingira ya kuzaliwa kwake. Mapacha waliitwa Kulwa na Doto, na aliyewafuata akaitwa Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula, na msichana Kabula. Kutoka Misungwi hadi Maswa wapo akina Shija wengi sana, wala hakuna mtu mwenye akili atakayesema kwamba wote ni ukoo mmoja.

Yakaja madaftari: la kodi, la shule, la kanisa, la mshahara. Kila daftari lilitaka majina mawili, na jina la pili likawa la baba. Jina ambalo lilikuwa la mtu mmoja, pengine kwa sababu ya mvua ya siku moja, likawa la watoto na wajukuu wake wote. Hivyo ndivyo majina mengi ya koo tunayoyaona leo yalivyopatikana.

Nchi nyingine zilipita njia inayofanana na hiyo. Huko Urusi makabaila walikuwa na majina ya koo tangu zamani, na waliyalinda kwa vyeti na vitabu vya nasaba. Wakulima wengi waliokuwa mali ya makabaila hao hawakuwa na jina rasmi la ukoo hadi walipoachiliwa kwa amri ya mwaka 1861. Aliyemiliki ardhi alimiliki pia jina, na aliyelima aliitwa kwa jina lake na la baba yake basi. Tukikumbuka hilo tutaona kwamba historia inayoandikwa kwa majina ya koo huanza tayari ikiwa imeelemea upande mmoja, kwa kuwa wengi hawakuwa na jina la kuandikwa.

MFANO WA URUSI: TOLSTOY NA ULYANOV

Kwa kuwa makada wetu husoma historia ya Urusi, na kwa kuwa huko nako hukutana na watu wengi wenye jina moja, tuutumie mfano huo kuipima hoja yetu.

Chukua jina Tolstoy. Msomaji wetu atamkumbuka mara moja Lev Tolstoy (1828–1910), mwandishi wa riwaya, aliyefungua shule ya watoto wa wakulima katika shamba lake mwaka 1859, akashambulia umilikaji wa ardhi wa tabaka lake mwenyewe, na mwaka 1901 akatengwa na Kanisa la nchi yake. Lakini yuko Tolstoy mwingine. Dmitry Tolstoy (1823–1889) alikuwa Waziri wa Elimu kuanzia 1866 hadi 1880, kisha Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 1882 hadi kufa kwake. Huyu alikuwa nguzo ya utawala wa mfalme: aliifunga elimu ya sekondari ndani ya Kigiriki na Kilatini, akaimarisha polisi na udhibiti wa magazeti. Yuko na wa tatu, Aleksei Nikolaevich Tolstoy (1883–1945), aliyeikimbia nchi baada ya mapinduzi, akarudi mwaka 1923, akawa mwandishi mkubwa wa utawala mpya.

Watu watatu, jina moja, tabaka moja la kuzaliwa. Mmoja alililaani tabaka lake, mmoja alilitumikia hadi kaburini, na mmoja alilikimbilia kisha akalihama. Methali zetu husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na maji hufuata mkondo. Mbele ya mfano huu methali hizo zinanyamaza.

Sasa chukua jina Ulyanov. Mwaka 1887, Dmitry Tolstoy akiwa ndiye Waziri wa Mambo ya Ndani, kijana Aleksandr Ulyanov, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 21, alinyongwa kwa kushiriki katika njama ya kumuua mfalme Alexander III. Baba yao, Ilya, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla, alikuwa mkaguzi wa shule aliyefanya kazi kwa miaka mingi chini ya wizara ya Tolstoy huyohuyo. Mdogo wake Aleksandr, Vladimir, alimaliza sekondari mwaka huohuo wa msiba. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameingia Chuo Kikuu cha Kazan na kufukuzwa.

Hapa mpenda nasaba atafurahi. Atasema: ndugu wawili, damu moja, mapinduzi. Lakini tutazame walichokifanya. Aleksandr alikuwa katika kundi dogo la siri lenye bomu. Vladimir alitumia miaka thelathini kujenga chama chenye gazeti na matawi, na kupigania msimamo wake ndani ya chama hicho. Tofauti ya njia hizo mbili ni kubwa kuliko undugu wao. Tena jina ambalo dunia inamjua nalo silo la ukoo. Alianza kulitumia jina la Lenin mwaka 1901, katikati ya kazi ya siri, na halikuwa la baba wala la babu. Tukirudi kwa lugha ya Bujora, hilo si jina la kuzaliwa nalo.

MAKWAIA NA BOMANI

Sasa turudi nyumbani, kwa majina mawili ambayo kila mwanafunzi wa historia ya Kanda ya Ziwa hukutana nayo.

Makwaia lilikuwa jina la mtemi wa Usiha, Shinyanga, naye alikuwa mtawala mwenye nguvu hadi kufa kwake mwaka 1945. Mwanawe, Kidaha Makwaia (1922–2007), akashika utemi baada yake, na mwaka huohuo wa 1945 yeye pamoja na Chifu Abdiel Shangali wa Machame wakawa Waafrika wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Baadaye alikuwa mmoja wa wajumbe wa Tume ya Kifalme iliyochunguza ardhi na idadi ya watu Afrika Mashariki kati ya 1953 na 1955. Kabla ya Uhuru aliuacha utemi, ukashikwa na ndugu yake, Hussein Makwaia.

Bomani ni jina la nyumba ya mhubiri wa Kisabato. Paul Bomani (1925–2005) alizaliwa Ikizu, Musoma. Katika ujana wake alikuwa karani katika mgodi wa almasi wa Mwadui. Akaacha kazi hiyo akaingia katika ushirika mjini Mwanza, akawa mwandaaji mkuu wa wakulima wa pamba, na mwaka 1955 lilipoundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, VFCU, yeye ndiye aliyekuwa meneja mkuu wake. Aliingia serikalini mwaka 1960 kama Waziri wa Kilimo na Ushirika, akawa Waziri wa Fedha kati ya 1962 na 1965, akashika wizara nyingine, kisha akawa balozi Marekani kuanzia 1972 hadi 1983. Mdogo wake, Mark Bomani (1932–2020), alikuwa mwanasheria. Yeye ndiye Mtanzania wa kwanza kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kuanzia 1965 hadi 1976, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ni miongoni mwa sheria kubwa zilizotungwa katika kipindi hicho. Baadaye alikuwa msaidizi mkuu wa Mwalimu Nyerere katika mazungumzo ya amani ya Burundi. Mwalimu alipofariki Oktoba 1999 aliendelea na kazi hiyo chini ya Nelson Mandela, hadi mkataba ulipotiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000. Mwaka 2007 aliteuliwa kuongoza kamati ya kupitia sekta ya madini, iliyotoa taarifa yake mwaka 2008.

Mwanafunzi ayashike haya kwanza. Kumtambua kila mtu kwa jina lake kamili na kwa miaka yake ni heshima kwa aliyefanya kazi, na ni kinga dhidi ya uvivu wa mwalimu.

Lakini tukiishia hapo tutakuwa tumeandika daftari jingine la watemi, safari hii lenye tai na suti. Yatupasa tuulize nani alisimama nyuma ya kila jina.

Kidaha Makwaia aliingia Barazani kwa kuteuliwa na Gavana. Paul Bomani naye aliteuliwa Barazani katika miaka ya 1950. Kwa mlango huo walifanana. Tofauti ilikuwa kwamba mmoja alitoka katika utemi, chombo ambacho wakati huo kilikuwa kimefungwa katika utawala wa kikoloni, na mwingine alitoka katika chombo ambacho wanachama wake walikuwa wamekijenga kwa michango yao na wangeweza kukiacha. Hatusemi hivi kumvunjia heshima Kidaha, ambaye alikuwa msomi na mtu mwenye uwezo mkubwa. Tunasema kwamba uwezo wake ulikuwa umepandwa mahali ambapo mkulima hakuwa na njia ya kuudai hesabu. Tanganyika huru ilipofuta sheria ya machifu mwaka 1963, utemi haukupata jeshi la wakulima la kuutetea, kwa sababu kwa muda mrefu ulikuwa umefundishwa kutazama juu.

SUALA LA MIZANI

Ushirika wa pamba haukuanza kwa mtu mashuhuri. Ulianza kwa mizani. Mkulima alibeba pamba yake hadi kituo cha kununulia, ikapimwa na mnunuzi, kwa mizani ya mnunuzi, na kuandikwa na karani wa mnunuzi. Hakuwa na njia ya kujua kama amepunjwa, ingawa aliijua safari yake na uzito ulioukunja mgongo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuchanga fedha kidogo kidogo ili kuweka wapimaji wao wenyewe vituoni, watu wao wa kusoma mizani kwa macho mawili.

Kutokana na wapimaji hao vikaja vyama vya msingi, kutokana na vyama vya msingi vikaja vyama vikuu, na kutokana na hivyo likaja Shirikisho la 1955. Kufikia 1960 ushirika ulikuwa na mamia ya vyama vya msingi, ulinunua karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa, na ulikuwa na vinu vyake vya kuchambulia. Wakati serikali ya kikoloni iliponyima TANU ruhusa ya kuwa na matawi Usukumani, kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958, wakulima walikuwa tayari wamejifunza kukutana, kuchagua karani, kusoma hesabu na kumwondoa mwizi. Mwaka 1958 watu wa Geita waliposimama kupinga baraza la wilaya walilolazimishwa na wakoloni, hawakuwa watu wasiojua kujipanga.

Majina ya wapimaji wale hayamo katika vitabu tunavyosoma darasani. Wengi wao walikuwa akina Shija na Mabula wa vijijini. Bila wao Paul Bomani angebaki karani hodari wa Mwadui. Na pasipo karani hodari aliyejua kuandika barua, kusoma sheria na kuzunguka vijiji bila kuchoka, pengine michango yao ingepotea mifukoni mwa wajanja. Kiongozi na umma walihitajiana. Lakini uhusiano huo uliundwa na kazi, wala si na nasaba.

Miaka mingi baadaye swali la mizani lilirudi kwa sura nyingine. Kamati iliyoongozwa na Mark Bomani ilikutana na malalamiko ya wananchi kwamba dhahabu inatoka na nchi inabaki na kidogo. Mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3, tena ukikokotolewa baada ya kutoa baadhi ya gharama za mchimbaji. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyofuata kazi ya kamati hiyo, ilipandisha mrabaha huo kuwa asilimia 4 na kuukokotoa juu ya thamani ghafi. Swali lilikuwa lilelile la kituo cha pamba: nani anapima, na anapima nini?

Wapo watakaosema: mnaona, kaka alishika mizani ya pamba, mdogo akashika mizani ya dhahabu, damu moja. Sisi tunasema: swali moja, lililoulizwa na wazalishaji wa kanda ileile, kwa sababu unyonyaji ulikuja mara mbili kwa mlango uleule. Kama kamati ile ingeongozwa na mtu mwenye jina jingine, malalamiko ya watu wa maeneo ya migodi yangekuwa palepale.

HOJA INAYOPINGWA, NA UKWELI ULIOMO NDANI YAKE

Mwanafunzi hodari atatupinga, na atapinga kwa haki. Atasema kwamba nyumba ya Ulyanov haikutoa wanamapinduzi wawili tu. Dada zao Anna na Maria, na mdogo wao Dmitry, nao waliingia katika harakati. Watoto watano wa nyumba moja, je, hiyo ni bahati tu? Na nyumba moja ya Bomani kutoa waziri na Mwanasheria Mkuu, je, nayo ni bahati?

Si bahati. Nyumba ina nguvu, lakini nguvu yake yaweza kutajwa kwa majina yake halisi: vitabu, karo ya shule, lugha ya kigeni, mazungumzo ya jioni, mfano wa mkubwa kwa mdogo. Mkaguzi wa shule alikuwa na vitabu nyumbani. Mhubiri alijua kusoma, na watoto wake wakasoma. Mtemi alipeleka wanawe shule ambayo mtoto wa mchunga ng'ombe hakuiona. Mambo hayo yanaeleza kwa nini mtu alipata nafasi. Hayaelezi alikwenda upande gani baada ya kuipata. Dmitry Tolstoy na Lev Tolstoy wote walikuwa na vitabu.

Kwa hiyo tukiona nyumba moja imetoa viongozi wengi, hitimisho sahihi si kwamba ukoo huo una damu ya uongozi. Hitimisho sahihi ni kwamba shule zilikuwa chache mno, na kwamba katika nyumba nyingine elfu kulikuwa na akina Bomani ambao hawakupata kalamu.

HATARI YA JINA KUBAKI PEKE YAKE

Ushirika wenyewe unatupa funzo la mwisho. Katika miaka ya 1960 ulikua haraka, na kadiri ulivyokua ofisi zake zilisogea mbali na kituo cha kununulia. Mwaka 1966 kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao nchini na kukuta udhaifu mkubwa wa uendeshaji. Shirikisho la Victoria lilipangwa upya na kuwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote nchini vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Nyanza nayo ikaandikishwa tena mwaka 1984. Kurudisha jina ilikuwa kazi ya karani na muhuri. Kumrudisha mwanachama aamini kwamba mizani ni yake ni kazi ya miaka mingi, nayo haiwezi kufanywa kwa tangazo.

Hatari hiyohiyo imo katika uongozi. Katika kampeni za ngazi za chini mwandishi amemsikia kijana akijinadi kwa dakika kumi, na katika dakika hizo saba alizitumia kueleza babu yake alikuwa nani. Wasikilizaji walipiga makofi. Hakuna aliyemwuliza yeye mwenyewe amefanya nini, katika kikundi gani, na hesabu za kikundi hicho zikoje. Tulizifuta temi mwaka 1963, lakini mazoea ya kumtazama mtu kwa baba yake hayafutwi kwa sheria. Kada akiyaacha yakue ndani ya tawi, atakuwa amejenga ukumbi wa watemi mpya ambao hauna hata wanang'oma wa kumchuja anayeketi.

HITIMISHO

Kutokana na haya yote, tunapendekeza kwa wakufunzi wenzetu utaratibu ufuatao. Jina lolote litakapoandikwa ubaoni, liandikwe kamili, pamoja na miaka. Kisha wanafunzi waulizwe maswali manne. Mtu huyu alitumwa na nani? Chombo alichotumia kilijengwa na akina nani, na kwa michango ya nani? Waliomtuma wangeweza kumwondoa kwa njia gani? Na alipoondoka, chombo kilibaki na nguvu au kilibaki na jina?

Mwandishi ameanza kwa darasa lake mwenyewe. Baada ya majaribio yale yaliyomwaibisha, aliwapeleka wanafunzi Bujora, na safari hii hawakuambiwa wakariri majina ya watemi. Waliambiwa watafute katika ukumbi ule ushahidi wa watu wasiotajwa: nani alichonga kiti, nani alipiga ngoma, nani alimchagua mtemi. Jioni walikwenda kwa wazee wa Kisesa kuuliza nani katika kijiji chao alisimama kwenye mizani ya pamba siku zile. Walirudi na majina sita, na mabishano makali juu ya jina la saba, kwa sababu wazee wawili walikumbuka watu wawili tofauti wenye jina moja.

Mwanafunzi aliyeandika "kutoka bomani" ndiye aliyesimama akauliza, "Mzee, Shija yupi? Alichaguliwa na nani?" Wazee wakaanza kueleza, naye akaanza kuandika.